Popi ananivuta, Simba anagoma

Shikamoo Mama Mifugo,

Naishi Kihonda, Morogoro, na mume wangu na watoto wawili. Tuna mbwa wawili wa tumbo moja, dume na jike, sasa wana mwaka mmoja na nusu. Mama yao ni wa kienyeji. Baba yao, mjomba wangu wa Mikese anaapa ni German Shepherd, wengine wanasema ni mbwa wa jirani tu. Tuliwachukua siku moja wakiwa na miezi miwili, kwenye boksi moja. Jike alikuja mwenyewe kutunusa viatu, watoto wakamwita Popi. Dume tulimtoa nyuma ya ndoo alikojibanza, tukamwita Simba ili jina limpe moyo. Wanakula sufuria moja, ugali wa dona na dagaa, siku nyingine mapupu ya buchani, na wanalala banda moja.

Sikuwa na wazo la kuwatembeza. Huku kwetu mbwa anafungwa mchana na kufunguliwa usiku, basi. Lakini ua wetu ni mdogo, Popi ameshachimba tuta zima la mchicha, na siku ya chanjo, mwezi wa tisa mwaka jana, ilibidi Simba abebwe mzima mzima na kijana wetu wa kazi, akamchubua mikono yote. Daktari wa mifugo akaniambia, "Mama, wazoeshe kamba hawa."

Aliyejitolea kunifundisha ni jirani yetu, mzee mstaafu wa jeshi. Aliwahi kuwa na dume la German Shepherd lililokuwa likitembea sambamba na goti lake bila kutazama pembeni, mtaa mzima unalikumbuka. Njia yake ni hii: mnyororo unaojikaza shingoni, kamba fupi, mbwa upande wa kushoto. Akitangulia, unaushtua mnyororo kwa nguvu na kusema "Nyuma!" Nimeifuata kwa wote wawili, na sasa ni zaidi ya miezi miwili.

Popi anakohoa, anakoroma, na anazidi kuvuta. Bega langu linauma. Akiona mtu anataka kumsalimia, na akimfikia anamrukia. Huwa natoka nao saa kumi na moja jioni, nikimaliza kazi, ndiyo saa watoto wa madrasa wanatoka. Wanapiga kelele, naye anadhani wanamwita. Juzi amemrukia mzee mwenye kanzu anayekwenda msikitini. Mzee wa watu alirudi nyumbani kujitwaharisha na kubadili nguo. Niliona aibu sijui hata niseme nini.

Simba ni kinyume. Akisikia tu mnyororo unalia anaingia chini ya banda. Nikimtoa, getini analala chini na kujikojolea. Wiki iliyopita bodaboda ilipita karibu, akarudi kinyumenyume, kichwa kikachomoka, akatokomea. Tulimkuta jioni chini ya gari la watu, mtaa wa tatu. Kinachonishangaza ni kwamba mnyororo si mgeni kwake. Alipokuwa na miezi mitano alikula vifaranga vya jirani, tukamfunga chini ya mwembe karibu mwezi mzima. Nilidhani atakuwa ameshauzoea.

Mzee anasema mkono wangu ni mwepesi. Mume wangu anasema mbwa wa kulinda habembelezwi, nikianza kuwapa dagaa barabarani nitawaharibu. Mimi naona njia moja haiwafai wote wawili, ila sijui nyingine. Na huyu Simba, nimwache tu akae nyumbani?

Mama wa wawili, Kihonda

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma yote, na nilipotulia zaidi ni pale wewe ulipopita haraka: mwembe. Unasema mnyororo si mgeni kwa Simba. Kweli si mgeni, na ndiyo maana anaukimbia. Kwa mwezi mzima, katika umri ambao mbwa bado anajifunza kipi cha kuogopa na kipi cha kuamini, mlio ule wa chuma ulimaanisha kwamba Popi atazunguka uani naye atabaki kutazama. Leo unamletea chuma kilekile na kumwambia mtoke kutembea. Atajuaje kwamba safari hii mwisho wake si mwembeni? Sikulaumu kwa kumfunga, vifaranga vya watu ni vifaranga vya watu. Ninachosema ni kwamba somo la kamba alishalipata, na alilipata vizuri sana. Kazi yako sasa ni kumpa somo jingine kwa kutumia kitu ambacho hakifanani na kile.

Lakini mwembe haubebi lawama zote. Huyu alikuwa amejibanza nyuma ya ndoo tangu Mikese, kabla hujamnunulia mnyororo. Popi alikuja kunusa viatu vyenu. Tumbo moja, boksi moja, sufuria moja, na bado ni viumbe wawili mbalimbali. Na hilo la baba yao, naomba mliache. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti mkubwa wa Marekani, uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kupima vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Ulionyesha kwamba aina ya mbwa inaeleza karibu asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Wauza mbwa wa mbegu hawapendi kuisikia hiyo. Kwako maana yake ni kwamba hata mjomba akileta picha ya huyo German Shepherd, haitakusaidia kujua namna ya kumshika Popi. Utajua kwa kumtazama Popi.

Jambo hili si jipya. Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyewafundisha mbwa kudondosha mate kabla chakula hakijafika, alikuwa na mbwa wengi kwenye maabara yake mjini Leningrad. Septemba 1924 mto ulifurika na maji yakaingia kwenye mabanda, mbwa wakaokolewa wakiwa karibu kuzama. Waliporudishwa kwenye masomo yao, baadhi waliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengine walipoteza kila walichofundishwa, na baadaye hata maji machache kupenya chini ya mlango yalitosha kumvuruga mmoja wao. Mafuriko yaleyale, mwalimu yuleyule. Pavlov alikuwa ameshaanza kuwagawa mbwa wake kwa hulka zao, na baada ya siku ile hakuweza tena kuliona hilo kuwa jambo dogo. Kwa hiyo ukisema njia moja haiwafai wawili, huo si udhaifu wa mkono.

Sasa tuanze na Popi, maana wake ni rahisi ingawa ndiye anayekuumiza bega.

Popi haogopi kitu na hana ubaya na mtu. Anavuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha. Kila hatua uliyopiga huku kamba imekaza, umemlipa. Tena mwili wa mbwa ukivutwa upande mmoja huegemea wa pili, kama wewe unavyojikaza daladala likikata kona. Kwa hiyo ule mshtuko wa mnyororo unampa kitu cha kushindana nacho, na huyu ni mbwa anayependa kushindana. Kikohozi unachokisikia ni koo linakabwa. Mnyororo huo uvue leo, na usimvalishe tena. Koromeo la mbwa si kitu cha kufanyia majaribio.

Mtafutie mkanda wa kifuani, ule unaozunguka mbavu na kupita mbele ya kifua, wenye pete ya kufungia kamba mbele, si mgongoni. Akivuta, kamba inamgeuza kifua kuelekea kwako, na nguvu zake hazimfikishi kokote. Ukikosa dukani, mpe kazi fundi mabegi yeyote. Mikanda bapa ya mabegi makubwa inafaa sana, pamoja na pete za chuma na vibano vyake. Pima ili vidole viwili vipite kati ya mkanda na mwili, na uangalie kwapani usimkwaruze. Kamba yenyewe iwe ya kitambaa bapa, mita moja na nusu hadi mbili. Najua Morogoro katani haikosekani, ila mbwa akikurupuka katani itakutoa ngozi ya kiganja, na manila ni hivyohivyo.

Kanuni yake ni moja: kamba ikilegea tunakwenda, ikikaza tunasimama. Humkemei, humshtui, humvuti. Unasimama tu mpaka alegeze mwenyewe, hata kwa kugeuka kukutazama, halafu mnaendelea. Siku za kwanza huenda msifike hata nyumba ya pili. Usihesabu umbali. Na usidhani dagaa watamshinda mtu anayepita njiani, maana kwa Popi mtu ni mtamu kuliko dagaa. Mlipe basi kwa anachokitaka. Akitembea hatua kadhaa kamba imelegea, mruhusu akanuse kile kichaka alichokuwa anakililia. Akiweka miguu yote minne chini mbele ya mtu aliyekubali kusalimiwa, anasalimiwa. Akiruka, mnageuka na salamu inakufa hapohapo. Chakula kitumie uani kumfundisha kukutazama ukimwita, kabla ya barabara kuanza kushindana nawe.

Hapa kuna mtego wanaonaswa wengi. Ukisimama wewe halafu kijana wa kazi akimwacha avute mpaka dukani, mbwa hajifunzi kwamba kuvuta hakulipi. Anajifunza kwamba kuvuta hulipa siku nyingine, na hilo ndilo humfanya mnyama ang'ang'anie zaidi ya kulipwa kila siku. Kila anayeishika kamba ya Popi, watoto wakiwemo, ashike kanuni ileile. Asiyeweza asiishike.

Halafu badilisha saa. Saa kumi na moja jioni umeichagua kwa nafasi yako, lakini ndiyo saa ngumu kuliko zote kwenye mtaa wako. Mtoe saa mbili asubuhi siku unazoweza, watoto wameshaingia shule, lami haijawaka na njia imetulia. Akishaweza saa mbili, ndipo umjaribu jioni, kwanza mbali na madrasa, kisha karibu kidogo. Na ana mwaka na nusu, bado ni kijana, siku moja ataonekana kusahau yote. Hajasahau, rudini nyuma kidogo tu.

Yule mzee wa kanzu nenda ukamsalimie nyumbani kwake, bila mbwa. Usimchukulie kwamba anachukia wanyama. Kwa anayefuata madhehebu ya Shafi, na ndio wengi huku kwetu, mate ya mbwa yakigusa nguo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu aliyeshatia udhu na adhana imeshalia, unajua umemrudisha wapi. Mwambie unamfundisha, na kwamba ukimwona njiani utavuka upande wa pili wewe. Na kweli uvuke. Hilo nalo ni zoezi zuri kwa Popi: kumwona mtu anayempenda na kumpita.

Simba sasa. Huyu nitakaa naye zaidi.

Kwanza mwangalie mwili. Mgeuze nyayo, tafuta mwiba, kucha iliyovunjika, kupe kati ya vidole na masikioni. Mbwa mwenye maumivu au homa ya kupe naye hulala chini akikataa kwenda, na ukimfundisha mgonjwa unamwonea. Kama ni mzima, basi tunaanza, na tunaanza bila kamba.

Mnyororo uondoke machoni pake na masikioni pake. Usiutundike mlangoni, mpe mzee wako akuwekee. Tafuta mkanda wa kitambaa usiolia. Usimvalishe. Uweke karibu na sufuria yake jioni akila, kila siku, mpaka aache kuukwepa. Kisha uguse mgongoni kwake nao huku ukimpa dagaa kwa mkono wa pili. Kisha mvalishe anapokula, umvue akimaliza. Mkanda uanze kumaanisha chakula, jinsi chuma kilivyomaanisha mwembe. Hatua hii inaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa, na anayepanga ni yeye.

Akishauvaa bila kukunja mgongo, mfungie kamba nyepesi fupi aiburute uani ukiwa unamtazama, asije akanasa mahali. Baadaye ishike ncha na umfuate yeye anakokwenda. Najua inaonekana kinyume, lakini kwa mbwa huyu ndilo somo lenyewe: kamba imeshikwa na hakuna kilichotokea. Ndipo umwite hatua mbili kuja kwako, umlipe. Lango lije mwisho. Siku ya kwanza lifungue tu na mkae ndani mkitazama nje. Usimtoe. Siku atakayotanguliza mguu mwenyewe, msifu kwa sauti ya chini, halafu rudini ndani, ndiyo, mrudi. Zawadi ya Popi ni kufika. Zawadi ya Simba ni kujua kwamba anaweza kurudi. Ukimlipa kwa kumsogeza mbele zaidi, umemwadhibu bila kujua.

Jifunze kumsoma kabla hajalala chini, kwa maana akishalala umeshachelewa. Atajilamba midomo wakati hakuna chakula. Atapiga miayo wakati hana usingizi. Atakugeuzia uso, atalaza masikio nyuma, atafyata mkia, atahema wakati hakuna joto. Na kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni dagaa. Mbwa mwenye njaa akikataa dagaa wako, umemsogeza karibu mno na anachokiogopa, hata kama amesimama wima na anaonekana mtulivu. Ongeza umbali mpaka ale. Bodaboda nazo hivyo: aanze kuzisikia akiwa uani, dagaa wakidondoka kila inapopita, halafu langoni, halafu upande wa pili wa barabara. Na hofu hujumlishana. Siku moja akutane na bodaboda, mbwa wa mtaani na jiwe la mtoto mtukutu, kesho yake mpumzishe, hata kama ratiba yako inasema zamu yake.

La usalama, usilidharau: mbwa mwoga hutoka kinyumenyume, umeshaliona. Usimtoe nje ya lango akiwa na mkanda wa shingo peke yake. Avae wa kifuani na wa shingoni, kamba ifungwe kwenye yote miwili, kimoja kikichomoka kingine kimshike. Akiganda njiani, usimburute na usimzungushie maneno mengi. Simama, legeza kamba, ngoja, na akigeukia nyumbani nendeni nyumbani.

Usiwatoe pamoja kwa sasa. Ukiwa na mmoja anayekuvuta mbele na mwingine anayekuvuta nyuma huwezi kumfundisha yeyote, na bega lako halijapona. Kila mmoja apate dakika zake, hata kumi zinatosha. Popi akishatembea vizuri, mtumie: mbwa mwoga mara nyingi hupata moyo akimfuata ndugu anayemwamini. Lakini mtazame Popi pia siku hiyo, maana hofu nayo huweza kuhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake.

Umeuliza kama Simba aachwe akae nyumbani. Matembezi ya kila siku barabarani, kama hatayapenda kamwe, si lazima. Mfichie vipande vya mapupu uani avitafute kwa pua, atachoka vizuri tu. Ila kamba yenyewe ajue, hilo halina mjadala. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, wanaoachwa nyumbani ni hawa hawa wasioshikika, na ugonjwa ule mtu akianza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Na tukiwa hapohapo, wafundishe watoto wako: ukiumwa na mbwa, hata wako mwenyewe, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali hapohapo.

Mzee wako msalimie, na usigombane naye. Njia yake ina historia. Wajerumani kama Konrad Most walifundisha mbwa wa polisi na wa jeshi hivyo tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ilienea dunia nzima. Ilifanya kazi kwa dume lake kwa sababu jeshini na polisi mbwa huchaguliwa, wale akina Simba hurudishwa nyumbani siku ya kwanza, na hata yeye pengine alijichagulia mwenye moyo mgumu. Wewe hukuchagua, ulipewa boksi. Mshirikishe kwa kitu anachokijua kweli: kutulia, kutobadilisha amri kila siku, kutopiga makelele. Nina hakika hayo anayaweza kuliko sisi wote.

Mume wako mwambie hivi. Hapohapo Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Panya anavalishwa mkanda mdogo, anaunganishwa na kamba, na akipatia anasikia mlio mfupi kisha anapewa chakula, ndizi ikiwemo. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Ndizi haikumharibu. Na ulinzi hautokani na mnyororo. Popi atabweka usiku mtu akigusa uzio, ametembezwa au hakutembezwa. Wa kuogopwa ni Simba akibanwa kwenye kona huku kamba imemkaza, kwa sababu mbwa asiyeweza kukimbia hubakiwa na meno tu, naye hatachagua kati ya mwizi na mtoto wako.

Chanjo yao inaisha Septemba. Popi mpeleke kwa miguu, nadhani atakuwa tayari, tangulieni mapema kabla foleni haijajaa mbwa wengine. Simba, kama bado hajaweza kuvuka lango, zungumza na daktari wako sasa hivi, aje amchanje uani, Simba akiwa amevaa mkanda wake wa kitambaa na dagaa wakiwa mkononi mwako. Gharama ya kumwita mtakubaliana. Na kijana wa kazi mpe siku hiyo shati la mikono mirefu.

Mama Mifugo